Gari Lililovimbiwa

3 Machi

Mvua imeanza leo, kama nilivyowaambia wiki nzima wakanicheka.

Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu, amenipa daftari hili lililobaki shuleni kwao. Kaniambia, "Mjomba, hadithi zako ziandike. Ukizisimulia kwa mdomo zinanenepa kila siku." Sawa. Lakini simwandikii yeye. Nakuandikia wewe uliye tumboni mwake, uje ujue umetoka kwa watu gani.

Mimi ni mjomba wa mama yako, kwa hiyo kwako ni babu. Nimeendesha malori mpaka mgongo ukachoka kabla yangu, na sasa naziba matairi kwenye kibanda hapa mbele ya nyumba. Si mtu wa kujisifu, lakini hakuna tundu la tairi lililowahi kujificha mbele yangu. Shule niliacha darasa la sita, baada ya mwalimu kusema hana la kunifundisha tena. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye bibi yako, anadai mwalimu alisema hana fimbo iliyobaki. Dada yangu anasahau sana siku hizi.

Baba yako yuko mbali, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Gari lake dogo jeupe ameliacha mikononi mwangu. Daktari amesema presha ya mama yako inapenda kupanda, kwa hiyo uchungu ukianza asicheleweshwe hata kidogo. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na mvua ikikolea teksi hazishuki kwenye tope letu hata uzibembeleze kwa magoti. Baba yako alinishika mkono akasema, "Mjomba, siku hiyo nakutegemea wewe na hilo gari." Nikamwambia alale usingizi.

4 Machi

Mvua. Matairi mawili. Hakuna la kusimulia, na mimi si mtu wa kuongeza.

9 Machi

Mama yako amerudi kutoka kazini, kakaa kitini bila kuvua viatu, kasema, "Mjomba, gari linanuka petroli."

Nikaenda. Nikachungulia chini kwa tochi, kukavu. Nikafungua boneti, kukavu. Nikanusa kwa pua hii ambayo iliwahi kunusa breki zinazoungua za lori lililokuwa mlima wa pili mbele yangu. Hakuna kitu. Nikamweleza taratibu kwamba hiyo ni mimba. Nikampa na mfano: mama yake alipokuwa na mimba yake alishinda akilalamika kwamba saa ya ukutani inanuka kitunguu.

Dada akadakia kutoka jikoni, "Na kilikuwepo! Panya alikificha nyuma yake!"

Nikarudi kwenye gari.

Kuna kataa, taa ndogo ya manjano, kamewaka pale mbele ya usukani, kenye picha ya injini. Gari linakwenda vizuri tu. Nimekabandika utepe mweusi, ule wa mafundi umeme.

14 Machi

Leo nimejaza tangi, na ngoja nikufundishe jambo ambalo hutalipata shuleni kwa mama yako. Kuna watu hawajui kujaza tangi. Mpira wa pampu ukilia tak na kujifunga wenyewe, wao wanalipa na kuondoka kama kondoo. Ile tak ni uongo. Nafasi bado ipo. Unashika gari ubavuni, unalitikisa, mapovu yanashuka, mwenye pampu anaongeza. Tak. Unatikisa, anaongeza. Mpaka uyaone mafuta yanakutazama pale shingoni mwa tangi. Mama wa pampu, yule mnene wa kituo cha baada ya daraja, nimemfundisha vizuri. Siku hizi hata simwambii, ananiuliza mwenyewe, "Nitikise, dereva?" kisha anasukuma kwa nyonga.

Hivyo ndivyo nilivyovuka ile nyika isiyo na kituo hata kimoja. Malori matatu yalikauka nyuma yangu, madereva wao wakanifuata kwa harufu tu. Nilipofika upande wa pili tangi lilikuwa bado nusu.

Tulipomaliza kujaza, gari likakataa kuwaka. Linakohoa, linatetemeka, linakufa. Wapita njia wamenisukuma kwenye madimbwi mpaka likashtuka kwa moshi mweusi. Nikawaambia ni betri.

15 Machi

Nimesugua vichwa vya betri. Vilikuwa visafi.

22 Machi

Mama yako ameugundua utepe.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Urembo."

Kaubandua. Kataa bado kanawaka. Hakupandisha sauti, ila walimu wana namna yao ya kukutazama mpaka ukakumbuka kazi ya nyumbani ya utotoni. Nikaenda kwa Kipimo.

Kipimo ni fundi wa gereji ya kona. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hashiki spana kabla ya kuchomeka mashine yake chini ya usukani na kuiuliza. Enzi zetu tuliuliza injini yenyewe. Akachomeka, akasoma, akasema, "Mfumo wa mvuke wa petroli, mzee. Kuna mahali unavuja."

"Mvuke ni wa chai," nikamwambia.

Hakucheka. Akanieleza, na nitakuandikia kwa sababu leo nimeshika maneno yake yote. Petroli hata ikikaa tu inatoa mvuke. Zamani mvuke ule ulipotelea hewani. Kwenye magari haya unapelekwa kwenye kopo lililojaa mkaa, mkaa unaunyonya na kuushika. Gari likitembea, kuna kilango kidogo karibu na injini kinafunguka, injini inauvuta mvuke na kuuchoma. Pakivuja popote, kataa kanawaka.

"Tuanze na kilicho rahisi," akasema, akafungua mfuniko wa tangi. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Tukanunua mwingine, akafuta kosa kwenye mashine.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa mfuniko. Na yeye ana mashine.

23 Machi

Kataa kamezima. Nimewaeleza majirani jinsi nilivyomwelekeza Kipimo kwenye mfuniko.

24 Machi

Mvua. Mama yako anasema harufu bado ipo. Nimemwambia gari nalo linahitaji muda wa kusahau.

30 Machi

Kataa kamewaka. Sikubandika kitu.

6 Aprili

Leo nimeaibika mbele ya watu, na nitaiandika kama ilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya kliniki. Tumeondoka asubuhi, mimi, dada na mama yako, mvua inapiga paa utadhani inadai kitu. Tukavuka daraja, mto umejaa na una rangi ya chai ya maziwa. Nikasimama kituoni kujaza, maana mshale ulikuwa chini. Mama wa pampu akatikisa, akaongeza, akatikisa. Nikageuza ufunguo. Gari likakohoa. Nikageuza tena. Likakohoa, halafu hata kukohoa likaacha.

Nikashuka kusukuma. Wanaume wawili wakanisaidia, mmoja akateleza akalala kifudifudi kwenye tope. Gari halikujali. Mama yako akashuka, kakaa kwenye benchi chini ya paa la kituo, miguu imemvimba mpaka viatu vimemkataa. Ameshika tumbo kwa mikono miwili. Afadhali angenigombeza.

Aliyesema ni mama wa pampu. Alisema kwa kucheka, akipangusa mikono yake kwa tambara:

"Dereva, gari lenu hili linapenda sana hapa kwetu. Kila mkija mnaondoka kwa kusukumwa!"

"Kila tukija?"

"Ehe! Kwani lini mlijaza mkaondoka kwa starehe kama watu wengine? Likija tupu linawaka. Likishiba, linalala."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisiwe peke yangu. Lakini neno lile lilinichoma. Nimeendesha miaka yote ile, na sikuona jambo ambalo mama huyu ameliona akiwa amesimama pale pale kwake.

Gari liliwaka lenyewe baadaye, kama mtu aliyemaliza kununa. Kliniki tulikuta foleni imefungwa. Muuguzi akamwonea huruma mama yako, akampima presha mlangoni. Imepanda. Kaambiwa apumzike.

Jioni dada amenijia kibandani. Hakukaa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mwezi huu ukiisha gari halijapona, nampeleka mwanangu kwa binamu yetu ng'ambo ya mto. Atalala sebuleni kwenye kochi lao, na miguu ile. Sitaki, lakini nitafanya. Wewe ukishindwa sema mapema, usinipe hadithi."

"Sijawahi kushindwa na gari."

"Hiyo ndiyo hadithi yenyewe," akasema, akaondoka.

Nimekaa hapa na daftari. Gari hili litapona. Nitalala chini yake kama ni lazima, litapona.

7 Aprili

Nimekwenda kwa Kipimo kabla hajafungua geti. Nilipomwambia alichosema mama wa pampu, aliweka kikombe chini.

"Likijazwa tu ndipo linakataa?"

"Likijazwa tu."

"Mzee, ungeniambia hilo mwezi uliopita!"

"Ungeniuliza mimi badala ya mashine!"

Tukatazamana kama majogoo. Halafu akasema lete gari kesho kutwa, likiwa na mafuta kidogo, mengine niwauzie majirani, nikasema sawa. Anapogombana ana heshima. Sikujua.

9 Aprili

Kipimo amewasha injini, akaiacha iungurume taratibu. Akachomoa mpira mwembamba kwenye kile kilango cha mvuke, akaniambia, "Weka kidole hapa." Nikaweka. Kidole kikavutwa, kama ndama ananyonya.

"Unavuta?"

"Unavuta."

"Hautakiwi kuvuta sasa hivi. Gari limesimama, kilango kilipaswa kuwa kimefungwa. Kimekwama wazi. Ndiyo maana likijazwa linakufa: petroli inaingia, mvuke wote wa kwenye tangi unasukumwa huku juu, mlango uko wazi, injini inameza mvuke mtupu inakabwa."

Akakifungua, akakigonga juu ya kiganja changu. Zikadondoka punje ndogo nyeusi, kama mbegu za mchicha.

"Huu ni mkaa," akasema. "Wa kwenye kopo. Umefikaje mpaka hapa mbele?"

Nikajibu sijui, na wala sikuongeza kitu. Andika tarehe hiyo.

10 Aprili

Kilango tumekipata lakini harufu hatujaijua inatokea wapi. Kipimo anasema gereji kubwa za mjini zina mashine ya kusukuma moshi kwenye mipira yote, pakivuja moshi unatoka unauona. Yeye hana. Nikamwambia moshi si shida, mimi nawasha sigara, napuliza...

"Kwenye tangi la petroli?" Alirudi nyuma mpaka akagonga meza. "Mzee, unataka tuzikwe kwenye jeneza moja?"

Basi nikafikiri kama mziba matairi. Tundu la tairi tunalitafutaje? Hewa na maji ya sabuni. Nikamfuata mama yako shuleni (kupumzika kwake ni kufundisha akiwa amekaa) kuazima ile pampu ya mkono ya kujazia mipira ya watoto. Akaniuliza ni ya nini, nikamweleza. Akasema, "Anzeni nyuma kushoto, juu ya tairi. Nikikaa kiti kile ndipo kichwa kinaniuma zaidi."

Nikasimama pale na pampu ya mpira mkononi, wanafunzi wananichungulia dirishani. Tangu Machi anatuambia. Tangu Machi namwambia ni mimba.

Kipimo akaziba njia ya hewa ya kopo kwa kizibo, nikachomeka pampu kwenye ule mpira mwembamba, nikaanza kusukuma. "Polepole! Hili si tairi la lori. Ukizidisha utapasua vitu." Polepole nikasukuma, yeye akipaka mapovu. Mbele hakuna. Chini ya sakafu hakuna. Tukainua nyuma kushoto kwa jeki, nikajilaza kwenye tope kwa mgongo huu, tukapaka pale ambapo mpira unaingia kwenye kopo. Likatokea povu moja. Likakua. Likapasuka, likatokea lingine. Mpira umechanika kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Nilipiga kelele hata muuza mkaa wa barabarani akaja kuuliza nani kafa.

Tukalifungua na kopo lenyewe. Kipimo akalishika, uso ukabadilika. Akanipa. Zito! Nikaliinamisha, petroli ikatiririka kwenye ndoo, na ndani mkaa unachezacheza kama njugu.

"Hili linatakiwa liwe jepesi na kavu. Kazi yake ni kushika mvuke, si kuhifadhi petroli. Hili limefurikishwa. Mkaa umelowa, ukamomonyoka, ukavutwa mpaka mbele ukakaba kilango." Akanitazama. "Mzee, gari hili nani analijaza?"

"Linajazwa vizuri."

"Vizuri vipi?"

Nikamwonyesha vizuri vipi. Nikashika ubavu wa gari, nikatikisa mara mbili tatu, nikasema tak kwa mdomo, nikatikisa tena. Nilikuwa bado natikisa nikamwona Kipimo ameketi juu ya tairi, amefunika uso kwa mikono, mabega yanaruka.

"Na lori?" akauliza akipata pumzi. "Lile la nyikani unalotusimulia?"

"Lilijazwa hivyo hivyo."

"Lori la dizeli hilo! Halina kopo, halina kilango, jaza mpaka dirishani! Gari hili ukilizidishia, kinachozidi kinakwenda humu." Akagonga kopo kwa bisibisi. "Gari lako limevimbiwa, mzee. Umelilisha mpaka likashindwa kupumua."

Nimeinama nikaokota jeki. Muuza mkaa naye alikuwa bado amesimama pale, akanunua soda, akakaa aendelee kusikiliza.

Nyumbani dada ameuliza, "Kilikuwa nini?"

"Chakula kingi."

Mama yako alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwambia, "Pua yako ilikuwa sahihi. Nyuma kushoto, juu ya tairi." Hakusema kwamba aliniambia. Alichora alama ya vema kwenye daftari la mtoto fulani, akasema, "Sasa tunafanya nini, mjomba?"

Tunafanya nini. Alisema tunafanya.

11 Aprili

Kilango kipya kimepatikana dukani. Kopo hakuna. Wanasema liagizwe, litafika baada ya mvua. Baada ya mvua wewe utakuwa umeshazaliwa.

13 Aprili

Nimekwenda kwenye yadi ya magari mabovu. Mwenye yadi anakaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye basi, amejifunika turubai. Kila gari kwake lilikuwa la bibi mmoja mzee aliyeliendesha kwenda sokoni tu. Nikamwuliza bibi huyo alikuwa na magari mangapi. Akasema, "Alikuwa na uwezo."

Yadi nzima imekaa kwenye maji. Kila kopo nililofungua lilikuwa limekunywa dimbwi. Nilitoka mikono mitupu, nguo zinachuruzika.

14 Aprili

Nimerudi. Hakuna.

15 Aprili

Mgongo umekataa. Dada amenikanda kwa maji ya moto, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Kesho usiende." Nikamwambia kesho naenda. Akanikanda polepole zaidi.

17 Aprili

NIMELIPATA. Gari kama letu, la bluu, limepandishwa juu ya mengine mawili, na maji hayajawahi kulifikia. Mwenye yadi akasema subiri jua nilete winchi. Jua! Nikapanda. Nimepanda juu ya paa la gari, juu ya paa la gari, mvua inanipiga usoni, upepo unataka kunibeba, chini vyuma vinanisubiri kama meno ya mamba. (Dada anasema magari yenyewe yalikuwa yamebondwa, na kimo chote kilikuwa kama kabati. Hakuwepo.)

Nikalifungua, nikalipima mkononi kama Kipimo alivyonielekeza: jepesi. Nikalitikisa: kimya. Nikaligeuza: halikudondosha hata tone. Nikalivika mfuko wa plastiki, nikaliweka ndani ya koti, nikashuka nalo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

20 Aprili

Tumefunga leo. Mipira yote mirefu nimeipuliza kwa hewa ya mashine yangu ya matairi, punje nyeusi zikatoka mpaka zikaisha. Mpira uliochanika tumebadilisha. Kilango kipya, kopo la lile gari la bluu. Kipimo akawasha injini, nikaweka kidole: hakivutwi. Tukapaka sabuni kila mahali, nikasukuma pampu polepole: hakuna hata povu. Kipimo akasema, "Mzee, sabuni ni wazo zuri. Nitalitumia." Nikamwambia alitumie tu, mawazo ninayo mengi. Nikamwambia pia kwamba mashine yake si mbaya.

Halafu mama yako akaketi nyuma kushoto, tukafunga milango na vioo. Sisi watatu, mimi, dada na Kipimo, tukasimama nje kwenye manyunyu tukimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Akashusha kioo. "Nasikia harufu ya mjomba tu."

Dada alicheka mpaka akashika boneti.

Kipimo lakini alinivuta pembeni. "Bado mtihani mmoja. Kulijaza. Mpaka lijazwe likawaka, usimwahidi mtu kitu."

21 Aprili

Mto umepanda juu ya daraja. Hakuna anayevuka. Kituo cha mafuta kiko ng'ambo, hospitali iko ng'ambo, binamu yuko ng'ambo. Mshale wa mafuta uko chini, na wauza petroli ya madumu mtaani wameshauza mpaka madumu yenyewe.

24 Aprili

Maji hayajashuka.

25 Aprili

Baba yako amepiga simu. Nilimwambia gari limepona. Halafu nikarekebisha: nadhani limepona. Akasema, "Mjomba, leo unaongea kama mtu mwingine."

28 Aprili

Mvua. Nawasha gari kila asubuhi, nasikiliza kidogo, nazima, nisimalize mafuta. Kataa hakajawaka.

1 Mei

Maji yameshuka. Daraja lina matope na matawi lakini linapitika. Kesho mapema nitakwenda kujaza, peke yangu, nione.

2 Mei

Sikwenda peke yangu.

Nilikuwa navaa viatu mama yako akaita kutoka chumbani, sauti ndogo. Dada akatoka na mkoba ambao umekaa mlangoni tangu Machi. "Washa gari," akasema. Hakuna utani.

Likawaka. Tukapita kwenye tope, nimeshika usukani kama yai. Tukavuka daraja, matawi yanakwaruza chini. Mshale umelala kabisa, na hospitali bado iko mbele sana. Mama yako alikuwa nyuma, kichwa begani kwa mama yake. Alipoona nakata kona kuingia kituoni akasema, "Mjomba, usisimame hapa. Nakuomba."

"Tukiishiwa mafuta njiani ni mbaya zaidi, mwanangu."

Uchungu ulikuwa umemfika tena.

Mama wa pampu akaja mbio. Alitazama kiti cha nyuma akaelewa. Akachomeka mpira, mafuta yakaanza kuingia, nikasimama pembeni nasikiliza kama ambavyo sijawahi kusikiliza injini yoyote. Tak. Naye, kwa mazoea niliyomfundisha mwenyewe, akaweka nyonga ubavuni mwa gari.

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka mtu wa pampu ya pili akainua mikono juu. "Mama, usiguse. Weka mfuniko."

"Na nafasi iliyobaki?"

"Iache."

Nikaingia. Nimepita milima, nimepita nyika (nusu ya hayo ni kweli), na sijawahi kuogopa ufunguo mdogo vile. Nyuma dada alikuwa amefumba macho.

Nikageuza.

Likawaka. Mara moja, bila kukohoa, kama gari la mtu mwingine. Nikasikia dada akitoa pumzi nyuma yangu, na mama wa pampu akipiga kigelegele. Nikaondoa gari. Macho yalikuwa yana maji. Ni mvua, kioo kilikuwa wazi.

Presha ilikuwa juu sana. Walimchukua kwenye kitanda cha magurudumu tukiwa bado tunaulizwa majina. Tukakaa kwenye korido, dada na mimi, bega kwa bega. Daktari alipotoka alivua barakoa, akasema wote wawili wazima, na kwamba vizuri tulikuja tulipokuja. Tungechelewa kidogo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Umezaliwa. Msichana. Nilipoinama nikuone, ulikunja pua. Mama yako akasema, "Mjomba, kaoge, unanuka petroli." Pua hiyo najua umeitoa wapi, nami sitabishana nayo.

3 Mei

Nimewasimulia wauguzi jinsi nilivyovuka daraja. Nilipofika kwenye mamba, dada akakohoa. Nikawaondoa mamba.

6 Mei

Jua, la kwanza tangu sijui lini. Tumekuchukua hospitali. Mama yako amekaa nyuma kushoto, kwa kutaka mwenyewe, wewe mapajani mwake. Nikasimama kituoni. Mafuta yakaingia, pampu ikalia tak.

Mama wa pampu akanitazama, jicho moja limefinywa. "Nitikise, dereva?"

Nikaweka kidole mdomoni. "Ndani kuna mtu kalala."

Akafunga mfuniko taratibu kwa vidole viwili. Nikageuza ufunguo. Likawaka, na wewe hukuamka.